Uyoga Nilioumwaga Kimya Kimya

Jumamosi, 12 Machi 1977

Manyunyu tangu alfajiri. Si mvua ya kumzuia mtu kwenda shamba, wala si ukavu wa kumruhusu aanike kitu. Nimekaa peke yangu kwenye chumba cha biolojia hapa shuleni, saa tisa alasiri, na mbele yangu yako madaftari arobaini ya Kidato cha Tatu niliyopaswa kuyasahihisha tangu Jumatano. Nimesahihisha matatu. La nne limekaa wazi kwenye ukurasa ule ule kwa muda wa saa nzima.

Nimechoka.

Nikisema hivyo ofisini wenzangu hunijibu kwamba kila mtu amechoka, si tumepalilia shamba la shule wiki nzima? Lakini jembe silo lililonichosha. Nimechoshwa na jambo moja nililolifanya Jumanne, au tuseme nililoacha kulifanya, na tangu siku hiyo nalizunguka tu bila kulishika. Leo naliandika lote. Keshokutwa asubuhi mama mkwe wangu amepanga kupanda basi la Kahama kurudi kwa kaka yake, na akishapanda sidhani kama atakanyaga tena kwetu.

Mpaka leo asubuhi alidhani anaondoka kwa sababu ya aibu yake. Anaondoka kwa sababu yangu.

Mama mkwe ana miaka miwili nyumbani kwetu. Mumewe, Mzee Shija, alifariki mwaka mmoja kabla ya watu kuhamia kwenye vijiji vipya, akazikwa nyuma ya zizi lake mwenyewe, kama alivyotaka. Baadaye watu wakahama, na kaburi likabaki kule mahame pamoja na migunga na vichuguu. Mama wa watu hajawahi kulalamika mbele yangu. Ila kila mvua zikianza humwuliza mke wangu swali moja tu: kule kwa baba yenu nani anapalilia?

Mbele yangu hawezi kulalamika hata akitaka. Mimi ni mkwilima wake. Kwetu Wasukuma mkwilima na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mikono, na hawaambiani neno moja kwa moja. Akija njiani napisha, naingia majanini. Nikiingia uani anajifunika kanga na kugeukia ukuta. Hiyo ni heshima, wala si ugomvi. Nilisoma mpaka Chuo Kikuu Dar es Salaam, nimefundishwa kupasua chura na kuhesabu kromosomu za kitunguu, na bado nikisikia kikohozi cha yule mama miguu yangu inanipeleka majanini yenyewe.

Maneno yetu hupitia kwa binti yangu Limi, mwenye miaka sita. "Limi, mwambie baba yako mbuzi wa jirani wameingia kwenye mahindi." Nami nimesimama hatua tatu kutoka hapo, nimesikia kila neno, lakini nangoja Limi ageuke anirudishie. Ndipo najibu, "Limi, mwambie bibi nimesikia." Limi amezoea. Wakati mwingine hufupisha. Siku moja bibi yake alitoa maelezo marefu kuhusu paa la jiko linalovuja, Limi akanigeukia akasema, "Paa," akaenda zake kucheza.

Jumatatu iliyopita Mama Limi alimchukua Limi kwenda hospitali mjini Geita, sikio lilikuwa linatoa usaha. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, bila mjumbe.

Jumanne asubuhi nilikuwa natoka kwenda shule nikasikia sauti kutoka nyumba ya jiko. "We kuku, mwambie baba yako uji uko kwenye kigoda."

Nikatazama. Alikuwa anaongea na tetea wetu mwekundu, yule mwenye kidole kilichokatika. Tetea naye hakuwa na habari, anachakura jivu. Nikachukua uji wangu nikanywa nimesimama, nacheka moyoni. Mama yule alikuwa ameipata njia. Mila haikuvunjwa, na uji haukupoa.

Mimi nilipaswa kumjibu huyo kuku. Sikumjibu. Niliona haya, mtu na shahada yangu kuongea na tetea. Nikakohoa tu.

Hapo ndipo lilipoanzia.

Nilirudi saa nane mchana. Barazani kulikuwa na ungo umejaa uyoga. Mvua za wiki hii zimeotesha uyoga kila mahali, na wanawake wote wa hapa wanatoka nao mapema kwenye vichuguu. Mama mkwe anaujua uyoga kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Ila anaujua uyoga wa kwao. Kule mahame alikijua kila kichuguu na mwezi wake. Hapa nyumba za walimu zimejengwa mahali palipokuwa na zizi kubwa la ng'ombe la watu wa zamani, na baada ya miaka kadhaa ya mvua, samadi ya zizi imevimba ikaota nyasi, ukiitazama kwa mbali utaapa ni kichuguu kilicholainika. Ndiko alikouchuma. Mwenyeji angejua. Yeye ni mhamiaji, kama sisi wote hapa.

Nilipita karibu na ule ungo. Sikuruhusiwa kuuchungulia, ungo wa mama mkwe si wa kuchunguliwa, lakini macho hayana kufuli. Vishina vilikuwa vyembamba, virefu, vimesimama kama njiti. Uyoga wa kichuguu una mguu mnene na mzizi mrefu. Na pale alipovibana kwa vidole wakati wa kuchuma palikuwa pamegeuka buluu. Buluu kabisa, kama kidole kilichogusa wino.

Nikasimama pale pale.

Nilikuwa nimeiona buluu ile mara moja tu maishani. Mwaka wangu wa mwisho chuoni, mhadhiri wetu wa mimea alileta darasani uyoga alioutoa kwenye malisho ya ng'ombe. Akaubana mbele yetu, tukangoja, ukageuka rangi. Akatuambia uyoga huu hauui mtu, ila unamvuruga akili kwa saa kadhaa. Kisha akafanya kitu ambacho sijakisahau: akatueleza unavyoitengeneza hiyo dawa.

Nawafundisha Kidato cha Tatu habari za vimeng'enya kila mwaka. Nawaambia watafune kipande cha ugali bila kumeza mpaka kiwe kitamu, halafu nawauliza sukari imetoka wapi. Imetoka kwenye ugali wenyewe, kimeng'enya cha mate kimeukatakata wanga. Kila kimeng'enya kina kazi moja tu. Ni kama kutengeneza pombe ya mtama hapa kwetu: mmoja analoweka, mwingine anaanika kimea, mwingine anasaga, mwingine anachemsha, na si lazima wa kwanza amjue wa mwisho.

Uyoga ule unaanza na kitu cha kawaida sana, triptofani, kipande cha protini kilichomo hata kwenye maziwa na maharage. Kimeng'enya kimoja kinakata kona yake na kuitoa kama hewa ya ukaa. Kingine kinapachika oksijeni mahali fulani. Kingine kinaning'iniza vipande vidogo vya kaboni kwenye nitrojeni, kimoja kimoja. Na mahali fulani kwenye safari hiyo kunafungwa fosfati, kama mtu anavyofunga mzigo ili ukae salama. Mhadhiri alikuwa mkweli, alisema vimeng'enya vyenyewe hakuna aliyevikamata bado. Watafiti wanakijua kianzio na wanaujua mwisho, katikati wanakisia mpangilio. Mwisho wake unaitwa silosaibini.

Lakini mzigo uliofungwa haujafanya kazi bado. Mtu akishaula, vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe ndivyo vinavyoifungua ile fosfati. Kinachobaki kimefanana mno na kitu ambacho ubongo hukitumia kila siku kupelekeana habari, hata ubongo unakipokea kama mwenyeji. Kwa hiyo uyoga unafanya nusu ya kazi, na nusu nyingine unaimaliza wewe mwenyewe tumboni bila kujua.

Na ile buluu? Ukiuminya uyoga, vyumba vyake vidogo vinapasuka, vimeng'enya vinakutana na vitu vilivyokuwa vimetengwa navyo, mzigo unafunguka pale pale, hewa inauchoma, unageuka rangi. Ndiyo alama yake. Nani mwingine katika kijiji hiki angeijua? Ni mimi tu. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na mkoba wangu wa chaki.

Neno moja lingetosha: mama, usipike. Au hata hilo lisingehitajika, ningeupiga teke ule ungo kama kwa bahati mbaya, nikaomba radhi mwezi mzima.

Nikaenda kumtafuta Mama Maganga.

Ndiyo. Mama Maganga ni jirani yetu, mke wa mpishi wa shule, na nikaona yeye ndiye mtu mzima anayefaa kumpelekea mama mkwe maneno ya kwamba chakula chake kina kasoro. Maana neno lenyewe ni zito, kumwambia mama mkwe kwamba uyoga wake ni mbaya ni sawa na kumwambia hajui kupika. Hakuwepo. Nikaambiwa yuko kwenye shamba la pamba la kijiji. Nikaenda huko, nusu saa ya matope. Nikaambiwa ametoka sasa hivi, amepitia kisimani. Nikaenda kisimani. Mtu mzima nimezunguka kijiji kizima natafuta mdomo wa kuazima, na wangu ninao usoni.

Sikumpata. Nikarudi.

Bakuli lilikuwa tayari kwenye kigoda barazani, limefunikwa kwa sahani, na ugali wa mtama pembeni. Uyoga wa karanga, na mchuzi mwingi. Uyoga wa kichuguu maji yake ya kwanza hayamwagwi, ndiyo utamu wenyewe. Na dawa ile inakaa kwenye maji. Moto uliviua vimeng'enya, sawa, lakini kazi yao vilikuwa vimeshaimaliza zamani kule kwenye samadi.

Sauti ikatoka jikoni. "We kuku, mwambie baba yako chakula kinapoa."

Alikuwa hajala. Mama wa heshima yake hawezi kuanza kula kabla ya mkwilima kumaliza, hungoja aone bakuli limerudi tupu. Kwa hiyo muda ulikuwepo bado. Tetea mwekundu alikuwa miguuni pangu, anangoja makombo. Ningesema tu: we kuku, mwambie bibi uyoga huu umetoka zizini, asile. Ningeisema kwa heshima zote, nimegeukia nje, na mila isingekuwa na la kunidai.

Sikusema. Kuacha chakula cha mama mkwe bila kukigusa ni tusi ambalo lingesikika mpaka Kahama. Kwa hiyo nilichukua lile bakuli, nikazunguka nyuma ya choo, nikamwaga uyoga wote kwenye shimo la taka na kuufukia kwa mguu. Ugali nikala mkavu. Nikarudisha bakuli tupu kwenye kigoda, nikakohoa.

Lile bakuli tupu ndilo lililomwambia: sasa kula.

Nilijiambia mengi. Kwamba hauui. Kwamba labda atakula kidogo. Kwamba labda nimekosea, rangi ya buluu si ushahidi wa kutosha. Kwamba atasikia usingizi alale. Mwalimu wa sayansi akitaka kujidanganya hana shida, vipengele anavyo vingi.

Saa kumi na moja kasoro nilisikia kicheko. Mama mkwe simjui kwa kicheko. Nikatoka barazani nikamkuta amekaa kwenye kiti changu, kanga imemdondoka mabegani, anautazama ukuta wa udongo kana kwamba unasogea. Akanigeukia. Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Mboni za macho zilikuwa pana sana. Akaniita kwa jina langu, si baba Limi, jina langu lenyewe la utoto.

Kisha akaanza kuongea na mtu aliyekuwa nyuma yangu. Aliongea kwa sauti laini, ya mke. Alimwambia mbona umekuja kwa miguu, mbona hukumleta Bulugu. Bulugu nilikuja kujua baadaye ni nani: ni ng'ombe dume wa Mzee Shija, yule aliyekuwa akivuta plau peke yake, aliyekufa mimi bado niko shule ya msingi. Alimwuliza kuhusu maji. Akacheka tena. Halafu machozi yakamtoka bila yeye kulia. Akasema, "Nimekuacha na nyasi, mzee wangu. Nimekuacha na nyasi."

Nilikuwa nimesimama kama gogo.

Akainuka akashika njia. Alisema anakwenda kupalilia. Barabara kubwa iko pale tu chini ya shule, na malori hayapunguzi mwendo. Nikamwita, "Mama!" Hakugeuka. Nikakimbia, nikamshika mkono, akajivuta, ikabidi nimshike kiunoni kwa mikono miwili katikati ya njia, mimi mkwilima wake, na wanawake wote wa shamba la pamba ndio wanarudi na majembe mabegani. Mama Maganga mbele yao. Huyo huyo niliyemtafuta mchana kutwa.

"Yoo!" akasema mmoja wao, akaziba mdomo. Wengine wakageukia pembeni ili wasione, na ilikuwa vibaya zaidi kuliko kama wangetazama.

Mama Maganga alinisaidia, Mungu ambariki. Wakamrudisha ndani, wakakaa naye. Saa tatu usiku alikuwa ametulia, akaomba maji, akatapika, akajifunika. Alipoambiwa kilichotokea aligeukia ukuta. Tangu hapo hajatoka kwenye nyumba ya jiko mchana. Uji anaoletewa na Mama Maganga anakunywa nusu. Nikipita uani nasikia mlango unafungwa.

Na maneno yameenea. Kundi moja linasema mizimu imemwita, Mzee Shija anataka kitu, apelekwe kwa mfumu, mganga wa jadi, avalishwe shanga. Kundi la pili linasema mama amezeeka vibaya, amemshika mkwilima wake. Hawasemi kwamba ni mkwilima aliyemshika. Wazee wameshatamka kwamba lazima pachinjwe mbuzi wa kuosha. Yeye mwenyewe amefunga mzigo wake kwa kanga mbili. Mama Maganga aliniambia alichokisema: "Mwanamke aliyemwita mkwe wake kwa jina hana nyumba ya kukaa kwa binti yake."

Mke wangu alirudi Alhamisi. Sikio la Limi limepona. Alikuta mama yake hali, mumewe haongei, na majirani wanampa pole ya kitu ambacho hakijui. Nikamwambia nusu. Nilimwambia ni uyoga, nikamweleza triptofani mpaka fosfati, nikachora hata mchoro kwenye karatasi. Akanisikiliza mpaka mwisho, ni mwanamke mvumilivu. Kisha akauliza, "Wewe ulikula?"

Nikasema sikuwa na njaa.

Akakunja ile karatasi ya mchoro, akawashia moto.

Leo asubuhi nimeshindwa kuendelea kuficha. Limi alikuwa nje anamfukuza tetea. Nikamwambia Mama Limi yote, mpaka choo, mpaka shimo la taka, mpaka nilivyokanyagia udongo. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Aliuliza kitu kimoja, kwa sauti ndogo: "Ulijua, ukamwachia mama yangu ale?" Nikasema ndiyo. Akavua kanga ya begani, akajifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kazini, akaenda nyumba ya jiko. Alikaa huko muda mrefu. Mimi nilikaa barazani nahesabu spoki za baiskeli yangu.

Aliporudi hakukaa. Alisema, "Mama anasema alikuona."

"Aliniona nini?"

"Ukimwaga. Alikuwa mlangoni. Alikuona unazunguka choo na bakuli lake."

Nikaacha kuhesabu.

"Anasema alijua kuwa mwalimu hawezi chakula cha mshamba. Anasema aliona uchungu sana. Chungu kilikuwa bado kimejaa, alikuwa amekuwekea na cha jioni. Akaona hakuna wa kumwekea. Akakila chote, na mchuzi akanywa."

Chote. Nilikuwa nimepiga mahesabu yangu ya bakuli moja, mtu mzima, athari ndogo. Yeye alikula cha kwake, na cha kwangu cha jioni, kwa sababu ya alichoniona nikikifanya. Kama ningekuwa nimeacha bakuli pale pale bila kuligusa, angejua kuna jambo. Kama ningesema na kuku, angecheka na kumwaga.

Nilimwuliza Mama Limi kama amemweleza kwamba si yeye aliyeniita jina, ni dawa. Akasema amemweleza. Amemwambia mwalimu anasema uyoga ule una vitu vidogo ndani vinavyotengeneza wazimu wa saa chache, na kwamba mwalimu alijua na hakusema kwa woga. Mama mkwe akasema, "Kumbe alikuwa ananiogopa, mimi nilidhani ananidharau." Mama Limi anasema aliposema hivyo alikaribia kucheka.

"Sasa atabaki?"

"Hajasema. Ana swali kwanza. Amesema nikuulize wewe, maana wewe ndiye unayejua." Hapo sauti ya mke wangu ikabadilika, maana mzee anayetajwa ni baba yake. "Anauliza, na mzee aliyemwona, naye ni wa uyoga?"

Nikachukua mwavuli nikaja huku shuleni. Nimetoroka, tuseme ukweli. Nimekaa na madaftari tangu wakati huo.

Jibu la darasani ninalo. Ndiyo mama, naye ni wa uyoga. Triptofani, oksijeni, kaboni, fosfati, tumbo, ubongo. Hakuna mzee aliyekuja. Ni jibu fupi, na lingemwokoa na mfumu na shanga na mbuzi, na pengine lingefungua ule mzigo wa kanga mbili. Lakini Mama Maganga aliniambia pia kitu kingine, kwamba usiku ule wa Jumanne mama mkwe alilala vizuri, na kabla ya kulala alisema mzee hakukasirika kuhusu nyasi. Miaka mitatu alikuwa anaogopa hilo. Nikimpa jibu langu la ubaoni namnyang'anya na hilo. Nikimwambia kwamba ni mzimu, namdanganya, na nimeshamdanganya mara moja kwa bakuli tupu.

Nimelifikiria mpaka kichwa kinauma, na jambo moja nina hakika nalo kama mwalimu wa somo hili. Vile vimeng'enya vya kwenye samadi vinajua kukata kona ya triptofani. Havijui kitu kingine. Havikuwahi kumsikia Mzee Shija. Havijui kama alikuwa na ng'ombe anayeitwa Bulugu. Hilo jina halikuwa kwenye uyoga. Ile sauti laini haikuwa kwenye uyoga, wala zile nyasi. Hivyo vyote alikuwa navyo yeye, amevibeba kutoka mahame mpaka huku, na mimi nimeishi naye uani miaka miwili bila kujua.

Hilo ndilo jibu langu. Uyoga ulimvuruga, na mzee ni wa kwake. Na nyasi tutakwenda kuzipalilia, likizo ya Pasaka, mimi nitabeba jembe na kutembea mbele, majanini.

Sitampa Mama Limi ujumbe huu, wala Limi, atasema "Uyoga," aende kucheza. Mama Maganga pia apumzike.

Kesho Jumapili, kabla ya kengele ya misa, kabla mlango wa jiko haujafungwa, nitasimama uani mbele ya majirani watakaokuwepo, na shahada yangu. Nitageukia upande wa choo, kama inavyotakiwa. Nitamtafuta yule tetea mwekundu mwenye kidole kilichokatika, na nitaanza hivi: we kuku, mwambie mama nimekosa.